Nusu ya Chini ya Kidonda

Fundi cherehani alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu wa kulia, kikubwa kama kiganja cha mtoto, na kwa sababu ya sukari kilikuwa kimegoma kufunga miezi minne. Daktari hakumung'unya maneno: wiki mbili za dawa mpya, kisipofunga vya kutosha, mguu unakatwa chini ya goti.

"Dawa yenyewe ina nini?" aliuliza fundi.

Muuguzi alimwonyesha kichupa. "Protini ya kondo la nyuma, mama. Inaziamsha chembe za ngozi pale ukingoni, zinatambaa kwenda katikati mpaka zikutane."

"Kondo la nani?"

"Si la mtu. Imetengenezwa maabara, inafanana na ile ya kondo."

Mara kondo, mara si kondo. Moyoni fundi alishaona uzi uliolegea. Wifi yake, aliyemsindikiza, akatia chumvi: "Wanakufanya panya wa majaribio, wifi. Angalia mkia usiote."

Kila asubuhi muuguzi alikuja nyumbani, akaweka karatasi ya nailoni juu ya kidonda, akachora ukingo wake kwa kalamu, kisha akapaka dawa na kufunga. Kule kuchora ndiko kulikomtia fundi shaka zaidi. Miaka arobaini ya kupima watu ilimfunza jinsi mkono unavyoweza kuiba nusu inchi huku uso unatabasamu; yeye mwenyewe alishawapunguzia viuno mabibi harusi wengi, kwa huruma tu.

Basi muuguzi akishaondoka, fundi alifungua bendeji, akachora kipimo chake kwenye karatasi ya kukatia nguo. Kisha akafuta dawa ya nusu ya chini kwa shashi yenye maji, ya juu akaiacha. Kama ni danganya toto, nusu zote mbili zitalala usingizi mmoja.

Ijumaa ya pili, kliniki, daktari aliitazama michoro ya muuguzi dirishani. "Kimesogea, ila kidogo mno. Nitaomba nafasi ya upasuaji."

Muuguzi alikunja uso. "Sielewi. Juu kinafunga vizuri."

Fundi alielewa. Karatasi zake zilikuwa mkobani, na tangu jana alikuwa amezipanga mezani mara tatu akitafuta kosa la mkono wake, asilione. Ukingo wa juu ulikuwa umeingia ndani upana wa kidole kizima. Wa chini haukujitikisa. Angeweza kufunga mdomo, asiaibike, arudi nyumbani na mguu mmoja.

"Daktari, ngoja kwanza," alisema, akazitoa, akaeleza.

"Mama, ulikuwa unaifuta?" aliuliza muuguzi.

"Ya chini tu, mwanangu. Ningejuaje kama hunichezei?"

Daktari aliziweka karatasi juu ya michoro, moja moja. Zililingana. Akapitisha kidole kwenye mstari wa juu. "Wiki moja nyingine," alisema. "Basi."

Muuguzi alipaka dawa, akakawia sana nusu ya chini. Akafunga bendeji, akabandika plasta, akatia saini nusu kwenye plasta, nusu kwenye bendeji, kama anayefunga sanduku la kura. "Kesho nikikuta saini imekatika, nitajua."

"Huniamini?"

"Hata kidogo, mama. Mikono juu ya meza, niione."

Fundi akaiweka yote miwili, na wifi yake akavuta kiti karibu ili amchunge.