Shikamoo, Mkono

Usiku wa jana niliota niko Amerika, bila viza wala koti. Wa kulaumiwa ni mwanangu Tunu. Alikuwa akisoma kitabu chake cha uchumi kwa sauti, nami nikapitiwa na usingizi kwenye kochi.

Nakuta ukumbi umejaa maprofesa. Mbele amesimama Profesa Delbert Hanneman, mzee mwembamba. Kando yake kipo kiti chake cha uprofesa, na kiti kinaongea.

"Maisha yako yote umefundisha kwamba soko linaendeshwa na mkono usioonekana," kinasema. "Leo utuonyeshe. Ukishindwa, natafuta mwingine wa kunikalia."

Jamani, kiti gani hiki kisicho na haya!

Ghafla tuko Nebraska, katikati ya mahindi. Profesa ni mtoto, anauza maji ya ndimu barabarani. Jua linawaka, wateja wanaongezeka, na bei kwenye kibao inajifuta na kujiandika upya. Ananiambia kwamba tangu siku hiyo anautafuta mkono ulioandika. Kausomea hadi udaktari, kautungia vitabu, kazeekea humo humo, na wenzake wanamcheka. Roho iliniuma.

"Profesa," namuuliza, "umewahi kuuamkia?"

Anasema hapana, kwani inatakiwa?

Basi tatizo ndilo hilo. Kwetu, jambo likienda bila kueleweka, tunasema hapo pana mkono wa mtu. Sasa mkono wa mtu mzima unatajwa vitabuni miaka nenda rudi, na hakuna hata mmoja aliyeupa shikamoo! Hata mimi ningejificha.

Tumerudi ukumbini. Najifunga kanga vizuri, napiga goti.

"Shikamoo, Mkono."

Kisha sauti inatoka ubaoni: "Marahaba, mwanangu. Nilidhani huku hakuna watu."

Ukatokea. Mkubwa, umejaa chaki, una vidole sita. Ukambeba Profesa juu ya vichwa vya waliomcheka, ukamkalisha kitini taratibu. Kiti kikaomba radhi. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi, nami nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

"Nilijua," mzee alikuwa akisema, analia na kucheka. "Nilijua tangu utotoni."

Mkono ukanipigapiga begani, nikaamka.

Tunu alikuwa mbele yangu na kikombe cha chai, akiuliza nimeegemea wapi hadi kanga ikachafuka hivyo. Nikajitazama begani: alama ya kiganja, ya chaki. Sauti haikutoka, nikamwashiria ahesabu vidole.

Akahesabu, akarudia. Kisha akaweka chai chini, akapiga goti.

"Shikamoo," akaiambia kanga.