Rasiberi za Shemasi Thwing

Uhuru, uhuru! Shemasi Hezekiah Thwing alituchosha masikio kwa neno hilo. Ndiye aliyesimamisha mlingoti wa uhuru, nguzo wanapokutania wapinga mfalme, kwenye uwanja wa mji wetu, hapa Massachusetts. Ndiye aliyeongoza kamati ya kuwasaka wanywaji wa chai, kwa sababu chai ilikuja na kodi ya mfalme wa Uingereza. Mjane Tamsin Pell alipokutwa na kikopo cha majani, shemasi alimsimamisha chini ya mlingoti, ayachome kwa mkono wake na kuomba radhi mbele ya watu. Bibi kizee wa watu, machozi yanamchuruzika.

"Mfalme anataka kutufanya watumwa!" shemasi akanguruma.

Nami nilikuwa nyuma yake, nimemshikia koti. Mimi, mtumwa wake. Mfyuuu!

Na chai anayo kwake! Mkewe aliinywa kila asubuhi, imetiwa kwenye birika la kahawa ili mgeni akichungulia asishtuke. Mchemshaji ni mimi.

Nisingejali, wangekunywa mpaka wapasuke. Lakini mpwa wao wa Connecticut alikuwa anaolewa, na shemasi akaamua zawadi yake iwe Keturah, binti yangu wa pekee. Amtoe tu, kama anayetoa seti ya vijiko! Nikamfuata akiwa ananyoa ndevu.

"Bwana, nakuomba. Niachie mwanangu."

"Zilpa, usinisumbue. Nimeshatoa neno langu."

"Basi na mimi nitatoa langu. Kamati ikija kesho, itajua kuna nini kwenye birika la kahawa."

Akacheka, povu limemjaa kidevuni. "Nani atauamini mdomo wako wewe?"

"Wa nini mdomo wangu, Bwana? Wana midomo yao."

Kesho yake wanawake wa mji walijaa uani kwetu na magurudumu yao ya kusokotea, wakishindana kusokota sufu ili tusivae tena nguo za Waingereza. Bibi Thwing alionyesha vitita vya uzi niliousokota mimi, akapigiwa makofi, wala hakuona haya. Kamati ilikaa kivulini ikiwashangilia. Wageni wa namna hiyo hupewa chai ya uhuru, yaani majani ya kichaka cha rasiberi yaliyochemshwa. Takataka tupu! Kila mtu huinywa amekunja uso, na kila mtu huisifu. Siku hiyo niliimwaga, nikajaza chai yenyewe. Keturah akapitisha sinia.

Shemasi alionja, uso ukamtoka rangi. Mchungaji Oakes, mwanakamati mwenzake, alionja, akafumba macho. Kapteni Strout, yule aliyempaka lami muuza chai na kumbandika manyoya, alilamba mdomo wa juu, kisha wa chini. Walijua! Chai wameinywa tangu utotoni, wangekosaje kuijua?

Nikangoja mmoja wao aruke. Hakuruka mtu. Basi nikasema mwenyewe, kwa sauti, wasokotaji wote wasikie.

"Waheshimiwa, hiyo ni chai ya kodi. Imetoka kabatini mwa shemasi."

Magurudumu yakasimama. Mchungaji akaniangalia kwa upole, upole wa kutapisha.

"Zilpa, rasiberi za mwaka huu zimekolea kwelikweli."

"Zimekolea," akasema kapteni. "Hongera, Shemasi."

"Hebu niongezee kidogo, binti," mchungaji akamwambia Keturah, akanyoosha kikombe.

Mwanangu akammiminia. Mbwa wale wakanywa birika zima, hawakubakiza hata tone.

Asubuhi wakampakia Keturah kwenye gari la farasi, pamoja na shuka za bibi harusi. Nililikimbilia gari, nimemshika mkono, mpaka uwanjani, na hapo vidole vyetu vikaachana. Akaniita mama, akaniita tena. Shemasi alikuwa chini ya mlingoti, anahutubia watu juu ya minyororo. Alinyamaza kidogo, kelele za magurudumu zipite, kisha akaendelea.