Mfereji Aliouziba Gekara

Miaka kumi na miwili Gekara alichimba mitaro katika mashamba ya chai ya Kericho, na hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza mtaro ni wa nini. Kwa hiyo mwaka wa 1968, nyapara Kipkorir alipomwambia afungue ukingo wa ziwa dogo lililokuwa chini ya kambi, maji yashuke mtoni na mahali pale ipandwe mikalitusi ya kuni za kiwanda, Gekara alitemea viganja mate akaanza kazi. Siku ya tatu jioni maji yalipasua njia, yakateremka kwa kishindo.

Asubuhi alirudi kuupanua mfereji. Ukungu ulikuwa bado umelalia chai. Ziwa lilikuwa limeshuka urefu wa mkono mzima, na pale palipokuwa na maji jana, leo palimetameta matope. Katikati ya mafunjo yaliyoachwa pakavu alimwona korongo mwenye taji la dhahabu, ameatamia. Nyayo za mbweha zilikuwa zimekatiza matope, zikaishia hatua tano tu kutoka kiotani.

Gekara alidhani ndege ataruka. Hakuruka. Alinyanyuka polepole, akatandaza mabawa yake mapana, akamkabili yeye na jembe lake. Nyuma ya miguu yake kulikuwa na mayai matatu. Moja lilikuwa na ufa, na ndani ya ufa ule kulitoka sauti nyembamba, yenye kudai.

Gekara aliweka jembe chini. "Kumbe kuna mtu ndani," alinong'ona.

Alirudi mbio kwenye mfereji. Alitupa mabonge ya udongo, mkondo ukayabeba. Alitupa mengine, yakaenda. Mwishowe akaketi mwenyewe katika ule mwanya, akauzuia mkondo kwa mgongo, huku akikwangua nyasi na matope kwa mikono yote miwili na kuyashindilia ubavuni. Hivyo ndivyo Kipkorir alivyomkuta.

"Gekara! Umerogwa? Nilikwambia fungua, wewe unafunga?"

"Mzee, enda pale kwa mafunjo usikilize. Ukirudi, nifute kazi."

Kipkorir alilaza baiskeli yake akaenda. Alikaa huko muda mrefu, na maji yaliyompiga Gekara mgongoni yalikuwa baridi ya kukata mifupa. Aliporudi, kofia ilikuwa mkononi.

"Huyo ni kong'ony," alisema kwa sauti ya chini. "Ni ndege wa ukoo wetu. Baba yangu hakumrushia hata jiwe. Miaka saba napita hapa, sikujua anazaa hapa."

Akavua viatu, akaingia majini. Kufikia adhuhuri mwanya ulikuwa umezibwa. Lakini ziwa lingechukua siku nyingi kujaa, na mbweha hangengoja. Ndipo Gekara akachimba mfereji mwingine, mwembamba lakini wa kina, kutoka ziwani hadi kwenye mafunjo, akakizungushia kiota maji pande zote. Korongo alimtazama muda wote ule bila kubanduka.

Alasiri meneja wa shamba alifika na Landrova, uso umemwiva kwa hasira. Wanawake wa kambi, waliokuja kuteka maji, waliweka mitungi chini wakatazama. Kipkorir alimwongoza tu hadi kwenye mafunjo. Meneja aliinama, akasikiliza, akaendelea kuinama.

"Mikalitusi mpande kule mlimani," alisema hatimaye. Kesho yake Gekara aliletewa barua ya onyo. Hakujua kusoma; aliikunja akaitia mfukoni.

Siku ya tatu baada ya hapo vifaranga viwili vilishuka majini, vya manjano, vikiyumbayumba nyuma ya mama yao. Yai la tatu halikuanguliwa. Na kutoka upande wa Sotik walikuja korongo wengine, wawili, kumi, hadi watu wakaacha kuhesabu. Walitua ukingoni. Wakainamiana, wakaruka juu mabawa wazi, wakazunguka, wakainamiana tena, na milio yao mizito ikalijaza bonde lote. Kambi nzima ilisimama pale, watoto mabegani. Kengele ya kazi ililia. Gekara aliisikia, lakini miguu yake ilikataa kuondoka.