Muziki Utaleta Wewe

Mpwa wangu alinipigia simu akaniambia, "Mjomba, kwenye harusi yangu muziki utaleta wewe." Kichwa kikanivimba.

Nielewe hali yangu. Tangu madiji washike mji, sisi wa gitaa tumekuwa kama pasi ya mkaa: kila mtu anaisifu, hakuna anayeitumia. Watu wakinikuta sokoni huniambia muziki wa kweli ulikuwa ule wenu, kisha wanakwenda kumwalika diji. Sasa mtoto wa dada yangu, niliyembeba mgongoni, ananitaka mimi. Nikamtafuta mpiga besi, nikamtafuta mpiga ngoma, tukafanya mazoezi sebuleni mpaka mke wangu akahamishia kiti chake uani.

Siku ya siku tulifika ukumbini mchana, spika zangu kubwa zikiwa nyuma ya pikapu. Dada yangu alitupokea kwa vigelegele, akazipapasa zile spika kana kwamba ndizo maharusi. Nyuma yake alisimama jamaa mwenye miwani ya jua, kompyuta kwapani. Akaniamkia vizuri tu, kisha akauliza waya wa kuingizia sauti uko wapi.

"Wa nini?" nikamuuliza.

"Si wewe ndiye uliyeleta muziki, mzee? Mimi ndiye diji."

Nikamtazama dada, dada akatazama sakafu. Polepole nikaelezwa kwamba muziki uliosemwa ni spika na amplifaya, maana diji wao hana za kwake. Yaani mimi ni mwenye muziki, mpigaji ni yule. Nikauliza, basi magitaa na ngoma hizi tumekuja nazo kufanya nini? Dada kwa aibu akasema tutapata nafasi baadaye, watu wakishakula. Mpiga besi hakungoja maelezo zaidi, alikwenda kutafuta sahani. Mpiga ngoma akamfuata.

Nikabaki kando ya spika zangu mwenyewe. Zingekoroma kidogo ningepata kisingizio cha kuzizima. Lakini zilitoa sauti safi ajabu, na kila aliyepita alimpongeza diji.

Maharusi walipoingia, diji akaweka wimbo ulioinua ukumbi mzima. Chini kulikuwa na ngoma za mashine, juu yake gitaa likizunguka. Nikatega sikio. Zile ngoma sikuzijua, ila lile gitaa lilikuwa langu. Nililirekodi ujanani, na hata pale kidole kilipoteleza palikuwemo, kosa lile lile likijirudia kila mzunguko kana kwamba lilikusudiwa. Nikamsogelea diji nikamuuliza ni nani anayepiga hilo gitaa.

"Hakuna mtu, mzee. Hiyo ni biti tu."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Kama hakuna mtu, mimi ni nani? Nikachomeka gitaa kwenye tundu lililobaki la amplifaya, nikaingia. Nilipiga kama ninavyopiga siku hizi, bila lile kosa, kwa sababu ilinichukua miaka kujifunza kulikwepa. Nikazama humo kwa furaha. Nilipoinua macho niliona wachezaji wanakosa hatua, mmoja baada ya mwingine, na nyuso zinageuka kunitafuta.

Mpwa wangu akaja, pindo la gauni limekusanywa mkononi. Akaniinamia sikioni kwa upendo mtupu.

"Mjomba, usikasirike. Unakosea. Huu wimbo hauendi hivyo."

Nilitaka kumwambia. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini nyuma yake bwana harusi alikuwa amesimama peke yake katikati ya sakafu, anamsubiri, na watu wote wanasubiri. Nikaitikia kwa kichwa. Nikapunguza sauti ya gitaa, nikasogeza sikio kwenye spika yangu, nikaanza kulitafuta lile kosa.