Uso Chini ya Plasta

TANGAZO (limebandikwa mlangoni kwangu, Studio ya Shemboza, Muheza)

Picha za zamani zinasafishwa hapa. Gundi, selotepu, plasta, uji wa muhogo, vyote vinatoka. Usijaribu mwenyewe nyumbani. Ukijaribu ukaharibu, usije kunililia.

1.

Mdoe Hoza alikuwa amejaribu mwenyewe nyumbani.

Mafuta ya taa. Wembe. Kucha.

Ni mkusanyaji wa picha za mpira, mtu mzima na kitambi chake. Akaniwekea mezani picha ya timu ya Chui wa Mkonge, mwaka 1979. Wachezaji kumi wana sura. Wa kumi na moja, kipa, ana kipande cha plasta ya hospitali usoni, na gundi nyeusi imemtambaa hadi shingoni.

"Huyu ni baba yangu, fundi. Hoza Singano. Jumamosi maveterani wanakuja nyumbani. Nataka wamwone."

"Nani alimbandika hivi?"

"Mama. Hasira za kike tu."

Nilimchukia hapo hapo. Kazi nikaipokea.

2. UTARATIBU WA KAZI

(a) Picha ifungwe kwenye nailoni, ikae kwenye friji, upande wa barafu. Gundi ikipoa hukakamaa.

(b) Plasta ivutwe kutoka pembeni, ikiwa imelala, taratibu. Ukiinyanyua moja kwa moja juu, inaondoka na ngozi ya picha.

(c) Gundi iliyobaki: pamba kwenye kijiti, spiriti safi kidogo, si ile ya buluu. Dirisha wazi. Jaribu kwanza kwenye ukingo usio na mtu. Viringisha pamba. Usisugue.

(d) Usisugue.

(e) Nimesema us—

3. DAFTARI LA ZAHANATI, 1988

Mgonjwa: Mwanakombo, mke wa Hoza Singano. Miaka 26.
Taya limevunjika, kushoto. Meno mawili hayapo.
Maelezo ya mgonjwa: ameteleza bafuni.
Maelezo ya mume aliyemleta: ameteleza bafuni.
Amepewa: bendeji, dawa ya maumivu, plasta roli moja.

4. BARAZANI KWA MAREHEMU SINGANO, KILA MWAKA

(Maveterani husimama mbele ya picha. Nahodha huita majina. Aliyekufa huitikiwa na mtu wa nyumbani kwake.)

— Hoza Singano!

— Yupo.

— Kipa huyo! Penalti mbili fainali! Mikono ya chuma ile!

— Shemeji, itikia kwa nguvu, tusikie!

— Yupo!

5. ALHAMISI. BI. MWANAKOMBO, MJANE, AMEKUJA PEKE YAKE

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia unamfungua."

Anaongea kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mikono wanayoisifia naijua mimi. Alikuwa akinipiga kama anavyopangua mpira, ngumi imefumbwa. Mdoe yuko hapo hapo, kajifunika shuka gubigubi. Leo anasema hakumbuki. Siku tuliyomzika baba yake nikaitoa ile roli niliyopewa zahanati, nikamziba. Jina lake naliitikia mpaka leo, maana naiitikia plasta. Plasta haijanipiga. Mwanangu, ukimfungua, Jumamosi nitamwitikia huku ananitazama. Sitaweza."

6.

Wewe unayesoma, ungefanyaje? Ningeweza kudanganya. Ningesema imegoma, chukueni picha yenu mwende.

Ila nina kiburi cha kazi, na plasta ilikuwa inatoka. Jioni ile ile nikaanza.

Nywele.

Paji.

Jicho moja

safi kabisa. Zuri, la mtu anayecheka. Nikaona aibu, nikailaza plasta tena juu yake, nikairudisha picha kwenye friji.

7. IJUMAA, SAA NNE ASUBUHI

"Mama yako alikuja," nikamwambia Mdoe, nikimwekea picha mezani kutoka kwenye friji. "Kazi nimeisimamisha."

"Picha ya nani? Yako?"

"Mdoe, usiish—"

Akaishika plasta. Akaivuta juu.

Krrrp.

Alipokuwa kipa pamebaki karatasi nyeupe. Uso wote umehamia kwenye plasta, na plasta imejikunja, imegandia kwenye vifundo vya vidole vyake.

"Umemuua baba!"

Meza ikapinduka. Chupa ya spiriti ikapasuka. Akanikaba, akanibamiza kichwa ukutani mara moja, mara mbili, nikaonja damu yangu, na nilichowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba picha isilowe.

"Mwache."

Bi. Mwanakombo yuko mlangoni.

Mdoe akaniachia, akamgeukia. "Wewe! Wewe ndiye uliye—" Mkono ukapanda. Ngumi imefumbwa, na juu ya ngumi, ile plasta.

Mkono wa mama ukaenda wenyewe kwenye taya, kushoto.

Kisha mama akaushusha. Akamtazama mwanawe, akamtazama kwa makini, kuanzia nywele, paji, jicho.

"Hoza Singano!" akaita, kwa sauti ya nahodha.

Spiriti inatiririka sakafuni. Mdoe anahema. Ngumi bado iko juu, na mimi niko chini, siwezi kusimama.

Mama akajiitikia mwenyewe.

"Yupo."

8.

Ngumi—