Dakika Ishirini za Kamshafti Mpya

...isishuke chini ya elfu mbili, hilo tu ndilo la kushikilia sasa, mizunguko elfu mbili hadi elfu mbili na mia tano kwa dakika ishirini bila kuzima, kwa sababu kamshafti mpya, ule mtaimbo wenye nundu unaofungua vali, haijazoeana na tapeti zake, ukiiachia injini ingurume chinichini mapema nundu zinalika, zikilika kazi ya miezi minane imekwenda na maji, kwa hiyo nimesimama hapa ubavuni mwa gari, kidole gumba kwenye kabureta, jicho kwenye geji, presha ya oili hamsini na tano, joto mia na sabini za Farenhaiti, vizuri, na mzee amekaa kwenye kiti cha kukunja mlangoni mwa gereji, jua la Oktoba mgongoni, sikio lake moja lililo zima amelielekeza kwenye injini, anasubiri, miaka themanini na mitatu na anasubiri kama mtoto anayesubiri keki ikatwe, maana dakika ya ishirini nitaachia mkono, injini itashuka, na baba yangu Harlan Stover, aliyejenga injini kubwa kama hizi kabla sijazaliwa, atasikia nilichomfanyia... na sasa ni dakika ya nne tu... “Joto?” anapiga kelele, “Mia na sabini, Baba!” “Ngapi?” “Mia na sabini!” anaitikia kwa kichwa, anafungua karatasi ya mkate wake, ile steki ya nguruwe ya kukaanga iliyo pana kuliko mkate wenyewe, anauma, hajui, hawezi kujua bado, kwenye elfu mbili kamshafti kubwa na ndogo hazina tofauti ya kumshtua mtu, zikishuka ndipo kila moja inataja jina lake, ile kubwa hutikisa gari zima, du-du, inanyamaza, du-du-du, kama farasi asiyetaka kufungwa, na ile ndogo inatulia tu kama mke wa mchungaji kanisani, na yeye alitaka kubwa, alinipa kikadi mwezi wa pili, namba zote kwa mwandiko wake unaotetemeka, “Agiza hii hii, Lyle, usinibadilishie kitu, kama ile ya zamani,” ya zamani, hivyo ndivyo anavyosema, hasemi ya Denny, nyumbani kwetu jina hilo lilizikwa na mwenyewe, na mimi nikasema sawa Baba, nikaenda nikaagiza nyingine, na boksi lilipofika nikalichana vipandevipande kabla hajaja... mia na themanini, feni inavuta, sawa... nilijiambia ni busara, nilikuwa na sababu za kujaza ukurasa, petroli ya siku hizi haiziwezi pistoni zile zenye vichwa vilivyotuna, nikachagua bapa, nikachagua vichwa vya silinda vyenye matundu madogo ili gari liwe na nguvu kwenye taa za barabarani na si kwenye mwendo ambao mtu wa miaka hamsini na minne kama mimi hatauona, kabureta ya kiasi, yote hayo nilimwonyesha na akakubali, akanung'unika lakini akakubali, “Unajenga gari la posta,” alisema, ila kamshafti sikumwonyesha, kwa sababu angeuliza kwa nini, na sababu yake haikuwa petroli, ilikuwa breki, kamshafti kubwa inaipokonya injini mvuto wa hewa, na huo mvuto ndio unaosaidia mguu kwenye breki, ukikosekana pedali inakuwa jiwe, najua, nilijua hata nikiwa na miaka kumi na sita, ndiyo shida yenyewe, kwamba nilijua... Jumamosi, mwaka wa themanini na moja, mahindi yamekauka kila upande wa mji wetu wa Anderson, Denny ametoa kichwa kwenye dirisha la Chevelle yake ya kijani, kaka yangu, miaka ishirini na mmoja, nywele zinamwingia machoni, injini hii hii, bloku hii hii ninayoiinamia sasa, iliyotolewa kwenye mabaki ikalala ndani ya turubai chini ya meza ya mzee miaka thelathini na minane, “Lyle, hii pedali imekuwa ngumu, unadhani nini?” na mimi nimekaa kwenye ngazi na chupa ya soda, nimesoma majarida mawili matatu, najiona fundi, hata sikuinuka, “Ni kamshafti hiyo, kanyaga kiume, acha kulia kama bibi harusi,” akacheka, akasema “Asante, profesa,” akaondoka... na lori la mahindi kwenye njia panda... polisi waliandika mwendo kasi, mchungaji akasema mwendo kasi, mama hadi anakufa alisema mwendo, mwendo, na mimi nikauacha mwendo ubebe mzigo wangu... dakika ya tisa, oili hamsini na mbili, imepata joto, si kitu, na mzee anainuka, kwa nini anainuka, anakuja polepole anashika ukingo wa gari, anaweka kiganja kwenye bati lake, macho anayafumba, “Inaimba!” “Nini?” “Nimesema inaimba! Ngoja ishuke! Nataka kuisikia kama inaingia uani, mara moja tu, basi!” kama inaingia uani, ndiyo sauti hiyo anayoitaka, mwanawe anarudi nyumbani kwa gia ya kwanza, na mimi nimempa mke wa mchungaji, siwezi, siwezi kuachia mkono mtu huyu akiwa amefumba macho hivyo, na siwezi kuzima, na pa kunong'onea hapa hakuna, “Baba, sikuiweka!” “Eeh?” “Kamshafti! Uliyoniandikia! Nimeweka ndogo!” anafumbua macho, “Umenibadilishia?” “Ndiyo!” “Kwa nini, we mjinga?” “Breki!” “Breki gani?” na inatoka, kwa sauti ya kuuzia mnadani inatoka, mbwa wa jirani anaitika, “Denny aliniambia! Siku ile! Aliniambia pedali ni ngumu, nikamwambia akanyage tu! Nilijua, Baba! Nilijua na sikuinuka!” na kidole changu kimebonyeza mno, sindano inapanda elfu mbili na mia sita, rudisha, rudisha, na yeye ananitazama, najiandaa kwa lolote, anaweza kunitukana, anaweza kwenda zake, anasogea mpaka ndevu zake zinanichoma shavu, “Aliniambia mimi kwanza,” nimesikia vibaya, lazima nimesikia vibaya, “Nini?” “Aliniambia mimi kwanza! Asubuhi, mezani! Nikamwambia kamshafti kama hiyo ndivyo ilivyo, utaizoea! Mimi ndiye niliyeichagua, Lyle, si wewe!” na hasogei, wala mimi sisogei, miaka thelathini na minane, nyama choma ngapi za sikukuu, tumepitishiana chumvi ngapi, kila mmoja ameketi juu ya jambo lile lile kama kuku kwenye yai bovu, na Denny, maskini, aliuliza mara mbili, alituuliza mafundi wawili siku moja na wote tukamwambia ni kawaida, inauma vilevile, hapana, inauma zaidi, ila sasa inawauma watu wawili... dakika ya kumi na mbili, mia na themanini na tano, inakaa... na nagundua sijui lolote juu ya asubuhi ile, nililala hadi saa nne, sikuwahi kuthubutu kuuliza, namshika bega, mfupa mtupu, napigia kelele sikio lake zima, “Alikula nini?” “Nani?” “Denny! Asubuhi ile, alikula nini?” na baba yangu anapangusa oili asiyokuwa nayo mikononi, anatazama uani kwenye changarawe, “Mayai,” anasema, kisha kwa nguvu, ili nisikie, “Mayai yangu! Yote mawili, mwizi yule! Nilikwenda kuchukua gazeti tu!”