Mshono wa Ubavuni

Binti alikuwa bado anaoga mama yake, fundi cherehani, alipoigeuza sare yake ya shule ndani nje na kuufumua tena mshono wa ubavuni. Alifanya haraka, wembe mkononi, sikio bafuni. Kitambaa cha akiba kilichokunjwa ndani ya mshono kilikuwa karibu kwisha.

Kliniki ilikuwa imewagawa watoto wanene katika timu za wanne wanne. Nesi aliwakataza kujipima nyumbani. Anayetaka kujua anaendeleaje, alisema, aangalie nguo zake. Siku ya mizani uzito wa timu ungejumlishwa. Timu iliyopungua ingeendelea pamoja, iliyoongezeka ingevunjwa.

Shuleni binti aliitwa Pipa. Kwenye timu waliamua kumwita Nahodha. Mtoto ambaye hajawahi kugongewa mlango na mwenzake, sasa watatu walimpitia kila jioni kwenda kukimbia, makelele mpaka jirani anachungulia. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza sare ilipombana, akajilaza kitandani akilia kwamba hatoki tena, mama yake alifanya kitu pekee anachokijua. Aliipanua kwa siri. Kesho yake mtoto akazunguka mbele ya kioo.

"Mama, nimepungua."

Mwenye moyo wa kumkatalia na ajitokeze. Fundi hakuwa nao. Uongo ukazaa mwenziwe, na mtoto aliyeamini amepungua akaona hakuna ubaya akiongeza sahani.

Siku ya mizani wenzake watatu walipanda, wote wamepungua, nesi akitabasamu. Nahodha akapanda wa mwisho, kwa maringo. Nesi akamshusha, akampandisha tena.

"Mizani imeharibika," binti akasema. "Sare hainibani. Nimeivaa mwenyewe asubuhi."

"Mizani ni nzima, mwanangu," nesi akajibu taratibu, macho kwa mama. Uzito alioongeza peke yake ulikuwa umemeza jasho la wote.

Yule mfupi wa timu hakugomba. "Ulituambia umepungua," alisema tu, akaenda kukaa benchi jingine. Wawili wakamfuata.

Nyumbani binti aliivua sare, akaigeuza. Ubavuni kulikuwa na safu ya vitundu vya sindano, pembeni yake safu nyingine, halafu nyingine.

"Ulikuwa unajua, Mama?"

"Nilitaka uende ukacheze na wenzako."

"Sasa nitacheza na nani?"

Fundi alijichukia mpaka kwenye vidole.

"Irudishe ilivyokuwa," binti akasema.

"Mwanangu, haita..."

"Irudishe."

Fundi akaketi kwenye cherehani, akashona juu ya vitundu vya mwanzo kabisa, machozi yakimharibia mstari. Binti aliipokea bila kuiangalia, akaiingiza kichwani. Ilikwama mabegani. Akajivuta, akajipinda, kisha akatulia akiwa hivyo hivyo, mikono juu, uso umefunikwa, akipumua ndani ya kitambaa.

Fundi aliishika sare kwa mikono miwili. Hakujua aivute juu au chini.